Jino Halina Rufaa

Afande wa Meno hakuwahi kucheka mbele ya mtu bila kufunika mdomo. Kitu kikimchekesha, mkono wa kushoto uliruka juu kama unapiga saluti, ukatua kwenye midomo, na kicheko kikabaki huko ndani kikigongagonga kama mahabusu wa siku ya kwanza. Nilianza kumwigiza nikiwa darasa la nne. Nilimwigiza bombani, nikamwigiza kanisani wakati wa matangazo, na siku moja nikamwigiza nikidhani yuko kazini, kumbe yuko nyuma yangu na ndoo.

Hakunipiga. Alisema tu, "Mshtakiwa, fungua mdomo."

Nikafungua. Akaangalia kushoto, akaangalia kulia, akavuta pumzi kama hakimu aliyechoka.

"Una matundu mawili, na bado una nguvu ya kucheka watu."

Sisi watoto wote alituita washtakiwa. Mimi nilikuwa Mshtakiwa wa Kwanza, cheo ambacho sikukiomba lakini nilikifanyia kazi kwa bidii.

Tuliishi laini, yaani nyumba za mabati za askari, nyuma ya gereza, upande wa Makueni. Jina la gereza sitalitaja kwa sababu baba bado analipwa na watu walewale. Baba alikuwa askari wa geti. Afande wa Meno alikaa mlango wa pili, ukuta mmoja na sisi, na huo ukuta ulikuwa mwembamba hivi kwamba akipiga chafya mama anasema pole.

Watu wa nje hudhani waliofungwa ni wale wa ndani tu. Waje waishi laini. Honi inalia asubuhi, unaamka, hata kama ni likizo. Mgeni akija lazima aandikwe. Ukichelewa kutoka sokoni Mukuyuni unaulizwa maswali na mtu aliyekuona ukizaliwa. Ukipanda juu ya tangi unaona barabara, unaona malori yakienda zake Mombasa Road, na unaona ukuta, na huyo ndiye jirani yako wa milele. Hakuna korti iliyotuhukumu sisi, na labda ndiyo sababu hakukuwa na tarehe ya kutoka.

Afande alifanya kazi kwenye zahanati ya ndani. Kusema zahanati ni heshima tu, maana kilikuwa chumba kimoja, kitanda kimoja, kabati moja na dirisha linaloangalia choo. Hakuwa nesi. Alikuwa askari jela wa kike aliyefundishwa huduma ya kwanza, na kazi ya meno aliiingia mwenyewe, kama vile watu wengine huingia wokovu. Alisema alichoka kuona wanaume wazima, watu walioingia kwa kesi za kutisha, wakilia wamejikunja chini ya ukuta kwa sababu ya kitu kidogo kama punje ya mahindi.

Na dawa ya hicho kitu kidogo ilikuwa safari. Ili mfungwa ang'olewe jino, lazima apelekwe hospitali ya kaunti. Ili apelekwe, kuwe na lori, mafuta, askari wawili, pingu, na sahihi ya mkubwa wa gereza. Lori lilikuwa la korti kila siku. Mkubwa hakuwa mtu mbaya, alikuwa tu mtu mwenye lori moja.

"Korti ina tarehe," alimwambia Afande. "Jino halina tarehe. Lingoje."

Kwa hiyo lilingoja, na mwenye jino aliramba mafuta ya karafuu na kusukutua maji ya chumvi, akihesabu siku za aina mbili, za kesi na za jino.

Misemo ya Afande ilikuwa ya kazi yake. "Mdomo ni geti. Kila kinachoingia kipekuliwe." Hii ilikuwa ya watoto wanaokula peremende. "Kifungo cha jino ni cha maisha, lakini jino lenyewe laweza kutoroka." Hii ilikuwa ya wanaume wasiopiga mswaki. Na ile aliyoipenda kuliko zote, aliyoisema akiwa ameinua kidole: "Jino halina rufaa. Likishaoza limeoza." Nilimwambia mwalimu wetu wa Kiswahili kwamba hiyo ni methali ya Wakamba wa kale. Akaiandika ubaoni. Mpaka leo kuna darasa zima la watu huko nje wanaoamini hivyo.

Miswaki ya gerezani ilikuwa habari yake peke yake. Zamani kidogo, mfungwa mmoja alisugua mpini wa mswaki kwenye simiti mpaka ukawa mkuki, akamchoma mwenzake begani. Msako ukafanywa, miswaki yote ikachukuliwa ikachomwa. Watu wakakaa miezi wanasugua kwa kidole. Afande alienda ofisini, akarudi, akaenda tena, mpaka wakakubaliana: miswaki irudi, lakini mpini ukatwe ubaki urefu wa kidole kidogo. Ilikatwa kwa msumeno wa chuma, ikatoka na meno yake yenyewe pembeni, inakwaruza ufizi. Basi kila jioni Afande alikaa mlangoni na jiwe la kunolea visu, akisugua hivyo vijiti kimoja kimoja. Ndiye mtu pekee niliyewahi kumwona akitumia jiwe la kunolea ili kitu kiwe butu.

Niliwaambia wenzangu wa shule, wale wa nje ya laini, kwamba gereza letu limefunga watoto wa nasari na hiyo ndiyo miswaki yao. Mmoja alienda nyumbani akilia. Afande aliposikia, mkono uliruka mdomoni.

Lakini msimdhanie malaika. Kuna kosa alilofanya, na sidhani linaweza kufanywa na mtu mwingine isipokuwa mwanamke mwenye nia njema anayeishi mahali penye kisima kama chetu. Huku maji ya visima vingi ni ya chumvi, na yana kitu kinachopaka meno rangi ya chai tangu utoto. Nusu ya watu unaowajua wana meno hayo. Afande alipoanza vita vyake aliona hiyo rangi akadhani ni uchafu. Akatangaza jivu na mchanga laini. Kila asubuhi, wanaume wanachuchumaa uani kwa mistari, wanasugua, yeye anapita akisema, "Bado. Bado. Wewe hata hujaanza." Walisugua mpaka wakatema damu. Rangi haikusonga.

Alipompigia simu daktari kijana wa meno wa hospitalini kuuliza kama aongeze mchanga, yule daktari alimwuliza kwanza mchanga gani. Kisha akamwambia hiyo si taka. Ni maji. Iko ndani ya jino, na hata usugue mpaka Yesu arudi atakuta ni ileile.

Baba alitusimulia kilichofuata tukiwa tunakula, na ugali ulimkwama. Asubuhi wakati wa hesabu, wafungwa wote wamechuchumaa, Afande alikuja mbele na yunifomu yake iliyopigwa pasi, akakunja magoti, akachuchumaa. Askari jela. Mbele ya wafungwa. Akasema, "Nimewasugua bure. Kosa ni langu, si la meno yenu."

Kuku wa mkubwa akalia. Kisha nyapara, yule mfungwa mwenye mwili mkubwa aliyepewa kazi ya kusimamia wenzake, akasema, "Afande, inuka, utachafua suruali ya serikali."

Alipewa onyo la maandishi, kwamba yunifomu haichuchumai. Na tangu siku hiyo wafungwa waligawanyika. Wengine walimpenda hadi basi. Wengine walisema, kama alikosea la mchanga, atakosea na mengine, na huyu mama asituguse tena midomo.

Kijana tuliyekuja kumwita wa shavu aliletwa nikiwa kidato cha pili. Alikuwa mahabusu, kesi ya pikipiki, mtu wa huko Mbooni, juu ya Kikima. Umri wake kama miaka kumi na tisa. Nilimwona akipita na kundi la kufyeka nyasi za laini, upande mmoja wa uso wake mtu wa kawaida, upande wa pili kama ameficha limau. Jino la chini, la nyuma, kushoto. Afande alimpa dawa ya usaha, uvimbe ukashuka, dawa ikaisha, uvimbe ukarudi na kaka yake.

Hapo ndipo nilipoanza kusikia maombi ya Afande kupitia ukuta. Watu wengine huomba wapewe Prado. Yeye aliomba lori la gereza, la siku moja tu, na mafuta ya kwenda na kurudi.

"Ngai wakwa, Mungu wangu," alisema, "huyu mtoto usaha utamshukia shingoni. Ukishuka shingoni atakosa hewa. Wewe unajua, na mimi najua, na mkubwa nimemwambia."

Alimwambia mara tano. Mara ya tano mkubwa alimwuliza kama anataka yeye akae kwenye kiti cha mkubwa.

"Sitaki kiti," alisema. "Nataka lori."

Sasa nifike kwa kile kilichonifanya nimwigize zaidi badala ya kumwonea huruma. Mimi ni mtu wa kuchunguza. Niliona kwamba kwenye harusi anachukua wali na supu, nyama anawapa watoto. Niliona muthokoi, yale mahindi magumu yaliyokobolewa, ikipikwa kwa mikutano ya akina mama anasema amefunga. Siku moja nikampelekea hindi choma, gumu, la kujaribu. Akalishukuru sana, akasema atalila baadaye. Jioni nikalikuta mbele ya kuku wa jirani.

Nikamwuliza waziwazi, maana adabu sikuzaliwa nayo. "Afande, wewe meno yako yameoza?"

Alikuwa anasugua miswaki. Hakuinua kichwa.

"Manne," akasema.

"Na mbona huendi? Wewe huhitaji pingu. Wewe unapanda gari tu unaenda."

Akasugua, akasugua. Kisha akaniambia kwamba akiwa mdogo kuliko mimi, alishikwa na wanaume watatu juu ya benchi, na wa nne alikuwa na koleo la fundi. Jino lilivunjika, nusu likatoka, nusu likabaki. Tangu hapo, akisikia hata harufu ya ile dawa ya hospitali ya meno, miguu yake inageuka yenyewe.

"Najua kila kitu kuhusu kile kiti," akasema, "isipokuwa namna ya kukikalia. Na wewe, Mshtakiwa, hiyo ni siri."

"Ndiyo, Afande," nikasema. Na ninaapa kwamba wakati huo nilimaanisha.

Kwa kuwa lori lilikataa kwenda kwa daktari, Afande aliamua daktari ndiye aje kwa lori. Aliandika barua, akapiga simu, akabembeleza kanisa letu lifadhili. Ilichukua karibu muhula mzima. Mwishowe yule daktari kijana alikubali Jumamosi moja, moja tu, na nesi mmoja, kiti cha kukunja na vifaa vyake. Sisi vijana wa kanisa tungeenda kuimba na kuigiza mchezo, ili watu wachangamke. Wa kwanza kwenye kiti angekuwa kijana wa shavu. Afande alikuwa ameandika orodha kwa mkono wake na jina la kijana lilikuwa juu, limepigiwa mstari.

Akina mama wa kanisa walileta sabuni, miswaki, na katoni mbili za peremende. Kwa siku ya meno. Afande alizisimamisha getini kana kwamba ni bangi.

"Hizi ni za nini?"

"Zawadi, Afande. Ili wafurahi."

"Nyinyi mnaleta petroli mahali pa kuzima moto?" Akazifungia ofisini kwa baba. Baba alizilinda vizuri sana, na nafikiri alianza na za nanasi.

Uani palijaa. Wanaume wamekaa chini kwa mistari, kijana wa shavu mbele kabisa, amejifunga kitambaa kuanzia kidevuni hadi utosini kama yai la Pasaka. Kiti cha daktari kilikuwa chini ya kibanda cha mabati, vile vyuma vimepangwa kwenye sinia, vinang'aa. Hakuna aliyekuwa anaangalia kwaya. Wote waliangalia sinia.

Mimi nilikuwa Jino Bovu. Nilivaa shuka jeupe lililopakwa lami, nikaingia nikichechemea.

"Mimi sitoki!" nikapiga kelele. "Nyumba nimepata ya bure, maji yanaingia yenyewe, chakula naletewa kitandani. Nitoke niende wapi?"

Walicheka. Sijui kama umewahi kuchekesha mamia ya watu waliofungwa. Ni kitu kibaya kwa mtu kama mimi. Kicheko chao kilikuwa na njaa. Kilinyanyuka kikagonga ukuta kikarudi, nikataka kingine, na mistari yangu ilikuwa imeisha. Basi nikafanya kile ninachokifanya vizuri kuliko vyote. Nikanyoosha mgongo, nikakaza kiuno kama mkanda wa yunifomu, nikainua kidole. "Jino halina rufaa!" Kisha mkono wa kushoto ukaruka mdomoni. Kisha, kutoka chini ya huo mkono, nikasema kwa sauti yake hasa:

"Lakini yangu manne yanangoja tarehe!"

Uani palipasuka. Askari walicheka. Kasisi wa gereza alicheka. Sekunde mbili hivi nilikuwa mtu mkubwa kuliko wote Makueni.

Halafu nyapara akasimama. Yeye mwenyewe alikuwa amebaki na meno matatu ya mbele.

"Ati manne?" akasema. Hakuwa akiongea na mimi. "Basi Afande, tangulia wewe. Sisi tutafuata."

"Tangulia!" mtu akasema huko nyuma.

"Afande kwanza!" Wakaanza kupiga makofi, taratibu, kwa mpigo mmoja. "Afande kwanza! Afande kwanza!"

Haikuwa ukali. Wengine walikuwa wanamtania kwa upendo kabisa. Daktari akatabasamu, akapangusa kiti, akamwonyesha kwa mkono: karibu. Kijana wa shavu alikuwa tayari ameinuka kwenda, nusu amesimama, mkono umeshika kitambaa. Akageuka akamwangalia Afande.

Afande akaangalia kiti. Akaangalia sinia. Kisha akasema, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Nina zamu getini."

Hakuwa na zamu getini. Baba ndiye alikuwa na zamu getini. Baba alituambia baadaye kwamba Afande alifika pale, akasema, "Nifungulie," na alipofunguliwa akaenda moja kwa moja nyumbani kwake akajifungia.

Kijana wa shavu akakaa chini tena.

Daktari alimbembeleza. Nesi alimbembeleza. Kasisi alimwombea papo hapo, bila yeye kuomba aombewe. Alitikisa kichwa. Aliongea kwa shida, lakini nilimsikia, maana nilikuwa nimesimama karibu naye, bado nimevaa shuka langu la lami.

"Yeye ndiye anajua hiki kitu kuliko sisi wote," alisema. "Kama anakikimbia, ameona nini?"

Watu sita walikubali kukaa kwenye kiti. Sita, kati ya ule umati wote. Saa kumi daktari akakunja kiti chake.

Usaha ulishuka shingoni siku ya nne, kama vile Afande alivyomwambia Mungu. Ilikuwa asubuhi, nimechelewa shule kama kawaida, na kwa hiyo niliona. Lori lilikuwa linatoka na mahabusu wa korti. Afande alikuja kutoka ndani akiwa amemshika yule kijana kwapani, yeye na nyapara, huku na huku. Shingo ya kijana ilikuwa pana kuliko kichwa, na akivuta hewa alisikika kama mtu anayeburuta kiti. Afande akamwacha na nyapara, akaenda akasimama mbele ya lori, mikono miwili juu ya boneti.

"Afande, toka," dereva akasema. "Hana sahihi."

"Mtambeba ama mtanikanyaga."

"Nitaambia nini mkubwa?"

"Mwambie sahihi ni hii." Akapiga boneti kwa kiganja. Sauti ilifika hadi laini.

Walimbeba. Baada ya wiki mbili Afande akapewa barua, na barua ikazaa uhamisho, na uhamisho ukaleta mzigo wake mlangoni, godoro, jiko na sanduku, naye akingoja gari. Nilipita mbele yake mara tatu. Mara ya tatu akasema, "Mshtakiwa, piga mswaki." Nikasema ndiyo. Nilikuwa na vichekesho chungu nzima na sikuwa na pole hata moja. Upande wa pili wa ukuta wetu akaja kukaa koplo mwenye redio.

Mwaka huu, likizo ya Agosti, nilikuwa Kitui kwa shangazi. Nilifungua chupa ya soda kwa meno mbele ya watu wanne ili wapige makofi, na walipiga, na kipande cha jino langu la mbele kikabaki kwenye kizibo. Shangazi hakupiga makofi. Alinipeleka hospitali, akaniacha kwenye foleni ya meno akaenda kuona mtu.

Na kwenye benchi, mwisho kabisa karibu na mlango wa kutokea, amevaa leso na viatu vya mpira, alikuwa amekaa Afande wa Meno. Amestaafu. Amepungua. Mkoba ameushika kwa mikono miwili juu ya magoti.

"Wakya," akanisalimia, kama amenikuta bombani.

"Aa," nikaitikia. Nikakaa. Halafu ile pole ikatoka yenyewe, imechelewa, imechakaa. "Afande, ile siku. Mimi ndiye…"

"Ulisema kweli," akanikata. "Ilikuwa kweli yangu. Ningeisema mimi kwanza, wewe ungekosa la kuchekesha."

Ile dawa ya hospitali ya meno ilinukia korido nzima, ile harufu ya karafuu na chuma.

"Alipona?" nikauliza. Kwa miaka miwili sikuwa nimethubutu kumwuliza hata baba.

Alipona, akasema. Walimpasua chini ya kidevu, akalala hospitalini zaidi ya mwezi. Kesi ya pikipiki ikaanguka kwa kukosa mashahidi, akaachiliwa. Lakini taya halifunguki tena vizuri. Linafunguka upana wa kidole.

"Nilienda kwao," akasema. "Nikapanda Mbooni mpaka Kikima, nikauliza boma. Nikamkuta na mama yake. Nilitaka kuomba msamaha, lakini unajua watu wa huko, huwezi kusema neno kabla ya kula. Mama amepika muthokoi. Ametuwekea wote watatu. Mtoto hawezi kufungua mdomo, na mimi siwezi kutafuna. Basi tukabaki tumeangalia sahani. Mama anatuangalia sisi. Akasema, 'Aiya, nyinyi wawili mna nini?' Akaenda akaleta uji. Tukanywa uji, mimi na yeye, tumekaa hivi, kama watoto mapacha."

Hakucheka. Mimi pia sikucheka, na hiyo ni habari.

"Yule kijana alisema amekusamehe?"

"Aliniuliza kama nimeshaenda kwa daktari. Nikasema bado. Akasema, 'Basi nenda kwanza. Ndio urudi tuongee.'" Akatazama mlango wa daktari. "Hii ni mara yangu ya tatu hapa. Mara ya kwanza nilifika getini. Ya pili nikafika benchi hii, wakaita jina langu, nikasema huyo mtu ametoka."

Nesi akatokea na karatasi, akaita jina. Sikulijua. Miaka yote hiyo sikuwahi kulijua, na nilishangaa kwamba lilikuwa jina zuri tu, la kawaida, kama la mama wa mtu. Hakuna aliyejibu. Nesi akaita tena. Afande alikuwa amekaa wima, macho mbele, na miguu yake ilikuwa tayari imegeuka upande wa kutokea.

"Yuko hapa!" nikasema.

Akaniangalia vile nilivyostahili kuangaliwa miaka yote. Kisha akasimama. Akanipa mkoba wake.

"Ule mlango," akauliza, "una kufuli?"

"Hauna, Afande. Una kishikio tu."

"Basi kishike kutoka nje. Nikigonga usifungue. Hata nikikulaani."

"Hata ukinilaani?"

"Hasa nikikulaani."

Akaingia. Nesi akaingia nyuma yake, mlango ukafungwa, na mimi nikashika kishikio. Watu wa foleni walinitazama. Mzee mmoja akaniuliza kama mimi ni mgonjwa ama askari, nikamwambia nyamaza mzee, niko kazini.

Haikupita hata dakika. Nikasikia daktari akisema jambo kwa upole, kisha sinia, vile vyuma vikigusana. Kisha hatua za haraka. Kishikio kikazunguka mkononi mwangu.

"Fungua." Sauti yake, karibu kabisa, nyuma ya mbao. "Mshtakiwa, fungua."

Nikaweka mkoba chini nikakishika kwa mikono miwili.

"Wewe mtoto, nimesema fungua! Ulaaniwe! Fungua!" Akagonga kwa ngumi. Mlango ulinitetemesha hadi mabegani. Foleni yote ilikuwa imesimama sasa. Nilikuwa na mzaha ulimini, mzuri sana, ungeangusha benchi zima. Nikaumeza. Nikaegemeza paji la uso kwenye mlango, macho nimefunga, nikavuta.

Akagonga tena, polepole. Kisha hakugonga.

Hatua zikarudi ndani, moja moja. Halafu nikasikia kiti kikilia, vile kiti hulia mtu mzima anapokikalia kwa uzito wake wote.